Pikapu ya mkulima: itunze kwanza, uiongezee nguvu baadaye

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, pikapu imekuwa jembe la pili la mkulima na ghala linalotembea la mfanyabiashara mdogo. Ndiyo inayotoa mpunga mashambani Kahama na Msalala, ndiyo inayopeleka mbolea na saruji vijijini Bukombe na Mbogwe, na ndiyo inayobeba maji, chakula na mawe ya dhahabu kwenye machimbo madogo ya Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu. Akiba ya mavuno ya miaka kadhaa, au mkopo uliowekewa dhamana ya nyumba, mara nyingi huishia kwenye gari moja la aina hii. Hivyo basi, gari hilo linapokufa kabla ya wakati wake, si chuma pekee kinachokufa bali ni mtaji wa familia nzima.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wamiliki wengi hutumia fedha zao za kwanza kuiongezea pikapu nguvu na urefu, badala ya kuitunza. Gari likishanunuliwa hupelekwa moja kwa moja kwa mchomeleaji. Huko huongezewa vyuma vya springi, bodi hupandishwa juu, bampa nzito hufungwa mbele na matairi makubwa kuliko ya kiwandani huwekwa. Oili, machujio, breki na grisi huambiwa zisubiri safari mbili tatu za kwanza zilete fedha. Kwa maoni yetu mpangilio huo umepinduliwa, na wanaoulipia ni wakulima na wafanyabiashara wale wale wasio na fedha za kupoteza.

Tatizo hili lina historia yake. Kabla ya soko la pamba kufunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, kazi ya kusomba mazao ya Usukumani ilikuwa mikononi mwa vyama vikuu vya ushirika, yaani Nyanza kwa upande wa Mwanza na SHIRECU kwa upande wa Shinyanga. Baada ya hapo usafiri ukawa biashara ya mtu mmoja mmoja. Kisha ukaja mgodi mkubwa wa Geita mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001, na miji kama Kahama, Katoro na Ushirombo ikapanuka. Mahitaji ya kusafirisha mizigo midogo midogo yakaongezeka, na pikapu ikawa jibu. Gari likahamia nyumbani kwa mkulima, lakini daftari la matengenezo halikuhamia nalo.

Hesabu ya kilomita moja

Wamiliki wengi huhesabu gharama moja tu, nayo ni mafuta. Hebu tuchukue mfano, na msomaji aweke bei zake mwenyewe. Tuseme pikapu imenunuliwa kwa Sh 25,000,000, na baada ya miaka mitano itauzwa kwa Sh 10,000,000. Maana yake inachakaa kwa Sh 3,000,000 kila mwaka. Ikitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, uchakavu pekee ni Sh 150 kwa kilomita.

Ikitumia lita moja kwa kilomita 10, na lita ikiwa Sh 3,000, mafuta ni Sh 300 kwa kilomita. Matairi manne ya Sh 1,400,000 yakidumu kilomita 40,000, ni Sh 35. Oili na machujio ya Sh 200,000 kila kilomita 5,000, ni Sh 40. Spea na fundi kwa Sh 1,500,000 kwa mwaka, ni Sh 75. Bima na ada nyinginezo za Sh 400,000 kwa mwaka, ni Sh 20. Jumla ni Sh 620 kwa kilomita, na hapo dereva bado hajalipwa.

Sasa mwenye gari hilo anatoka Katoro kwenda kijiji kilicho umbali wa kilomita 60, anapakia magunia 10 ya mpunga na kurudi. Anatoza Sh 5,000 kwa gunia, anapata Sh 50,000. Mafuta yamekula Sh 36,000, na zile Sh 14,000 zinazobaki anaziita faida. Ukweli ni kwamba safari hiyo ya kilomita 120 imemgharimu Sh 74,400. Amepata hasara ya Sh 24,400 bila kujua, na ataiona hasara hiyo siku matairi yatakapokwisha yote kwa pamoja, au injini itakapoanza kutoa moshi.

Tiba yake ina sehemu mbili. Kwanza ni mzigo wa kwenda. Mtu huyo huyo akienda na mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 kwa Sh 2,000 kila mmoja, anaongeza Sh 40,000. Mapato yanakuwa Sh 90,000 na sasa anapata ziada ya kweli ya Sh 15,600, ambayo ndiyo ya kumlipia dereva. Pili ni mfuko wa matengenezo. Katika mfano wetu matairi, oili na spea ni Sh 150 kwa kilomita, sawa na Sh 18,000 kwa safari hiyo. Fedha hiyo iwekwe kando siku ile ile gari linaporudi, iwe kwenye saccos, benki au simu. Ikichanganywa na fedha ya sabuni na ya ada ya shule, haitaonekana tena.

Springi haziongezi breki

Wapo wanaokimbilia tiba ya tatu, yaani kupakia magunia 20 badala ya 10. Hapo ndipo mchomeleaji anapoitwa. Lakini ni vyema ikaeleweka kwamba uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba hautokani na springi pekee. Mtengenezaji amepima chasisi, ekseli, beringi, matairi na breki kwa pamoja. Ukiongeza vyuma vya springi, gari halitainama nyuma kama mwanzo, nawe utadhani limepata nguvu. Kumbe vile vingine vyote vimebaki vile vile, na mshtuko uliokuwa ukimezwa na springi laini sasa unakwenda moja kwa moja kwenye chasisi. Ndiyo maana pikapu nyingi hupasuka chasisi nyuma ya kibini.

Hesabu ya breki ni nyepesi. Pikapu yenye uzito wa kilo 1,700 ikibeba tani moja inakuwa kilo 2,700. Ikibeba tani mbili inakuwa kilo 3,700. Kwa mwendo ule ule, breki zile zile zinatakiwa kumeza nguvu zaidi kwa zaidi ya theluthi moja. Kwenye mteremko, wakati barabara imelowa na juu ya magunia wamekaa watu, theluthi hiyo ndiyo tofauti kati ya kufika na kutofika. Kupandisha watu juu ya mzigo si msaada kwao, hata kama ni ndugu na majirani.

Kabla ya kupakia, msomaji asome kibao kilichobandikwa kwenye mlango au ndani ya boneti, pamoja na kitabu cha gari, ajue uzito wa juu unaoruhusiwa. Akumbuke kwamba dereva na abiria wawili nao ni karibu kilo 200, na wanahesabiwa ndani ya uzito huo. Akumbuke pia lumbesa. Gunia linaloitwa la kilo 100 likishavimbishwa na kushonewa kilemba hupita uzito huo, na magunia 10 ya namna hiyo tayari yamezidi tani. Lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita kwa sababu inampunja mkulima, inampunja mwenye gari vile vile.

Ukanda wa dhahabu una mtego wake wa ziada. Mawe ya machimboni huchukua nafasi ndogo lakini ni mazito. Kwa nafasi ile ile, mawe yaliyopondwa huwa na uzito unaokaribia mara tatu ya mpunga. Bodi ikiwa nusu tu, gari limekwisha kuzidiwa. Maji nayo yana hesabu isiyodanganya, kwani lita 1,000 ni tani moja kamili kabla ya kuhesabu tangi lenyewe. Tangi lililojaa nusu ni la hatari zaidi kwenye kona, kwa sababu maji hukimbilia upande mmoja na kulivuta gari. Pamba ni kinyume chake. Ni nyepesi, hivyo hushawishi watu kupandisha bodi juu sana, na gari likaanguka kwa urefu wa mzigo badala ya uzito wake.

Kazi za kufanya nyumbani

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya matunzo inaweza kufanyika nyumbani kwa spana chache, bomba la grisi, kipima upepo na jeki nzuri. Kinachotakiwa ni ratiba inayofuata msimu wetu, kwani gari la huku hufanya kazi kwenye nchi mbili tofauti. Wasukuma tangu zamani wameutofautisha udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, na luseni, ule wa kichanga. Pikapu hukutana na aina zote mbili kwa siku moja.

Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, adui ni vumbi. Chujio la hewa likaguliwe kila wiki, na kwa anayepita barabara za machimbo likaguliwe kila baada ya siku mbili tatu. Chujio la karatasi lipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Lisipigwe kwenye tairi wala kufuliwa kwa maji, maana karatasi ikitoboka vumbi linaingia kwenye silinda na kuzisaga kama msasa. Likishachakaa linunuliwe jipya. Bei ya chujio haifanani hata kidogo na ya kufungua injini. Rejeta nayo huziba kwa mbegu za majani na nyuzi za pamba, hivyo isafishwe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Mei, adui ni tope na maji. Tope la mbuga likikauka chini ya gari huwa gumu kama tofali, hutunza unyevu na kuozesha chasisi, na likishika ndani ya rimu gari hutetemeka. Lioshwe chini siku ile ile. Gari likivuka mto likiwa limetoka kukimbia, difu yenye joto hupoa ghafla na kunyonya maji iwapo kipumulio chake kimeziba au kimevunjika. Oili ya difu ikionekana na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, nayo imwagwe mara moja. Bomba la grisi lipite kwenye krosi za propela na sehemu zote zenye chuchu, hadi grisi ya zamani itoke.

Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, dereva aangalie oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, upepo wa matairi, nati za magurudumu na taa, kisha atazame chini kama kuna kinachovuja. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Oili ya injini na chujio lake vibadilishwe kwa kipindi ambacho kitabu cha gari kinakitaja kwa mazingira magumu, kwa kuwa mzigo mzito, vumbi na matope ndiyo mazingira magumu yenyewe. Oili chafu ikusanywe kwenye dumu na isimwagwe karibu na kisima au bustani.

Dizeli inastahili uangalifu wa pekee. Injini za zamani kama 2L, 3L na 5L za Hilux, au 1HZ ya Land Cruiser, zina pampu za kimakanika zinazovumilia kidogo. Hilux za dizeli za toleo lililoanza miaka ya 2004 na 2005 zilikuja na nozeli za umeme zinazofanya kazi kwa mgandamizo mkubwa mno, na maji au uchafu kidogo huziua. Anayenunua mafuta ya madumu kijijini achuje, na maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli yamwagwe kila wiki.

Kuna tabia moja ya magereji yetu inayostahili kukomeshwa, nayo ni kung'oa thermostati kila gari linapochemka. Kifaa hicho huisaidia injini kufikia joto linalotakiwa. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, huku sababu halisi ya kuchemka, ambayo mara nyingi ni rejeta iliyoziba, feni au pampu ya maji, ikibaki pale pale. Maji matupu kwenye rejeta nayo huleta kutu, hivyo maji ya rangi yanayouzwa madukani si anasa.

Tuseme pia wazi kazi ambazo si za nyumbani. Breki, usukani, mkanda wa taimingi, nozeli na uchomeleaji wa chasisi vifanywe na fundi aliyesomea. Mkanda wa taimingi ukikatika kwenye injini kama 1HZ, valvu hugongana na pistoni, na gharama yake inaweza kumaliza faida ya msimu. Na kwa kazi yoyote, mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Magurudumu yawekewe vigingi, na gari likae juu ya stendi za chuma au magogo imara. Tofali la kuchoma si stendi, kwani hupasuka bila kutoa taarifa.

Maboresho yanayolipa

Hatusemi kwamba pikapu isiboreshwe. Tunasema boresho lipimwe kwa swali moja tu, yaani je, linapunguza gharama ya kilomita au linaongeza? Shokapu nzuri, matairi yenye ukubwa wa kiwandani lakini yaliyoundwa kwa ajili ya mizigo, bati la kukinga sampu ya oili, chujio la ziada la kutenganisha maji na dizeli, bomba la kuinua mdomo wa hewa juu ya vumbi la gari la mbele, ndoano imara za kuvutia na vyuma vya kufungia kamba kwenye bodi, vyote hivyo hulipa. Matairi makubwa kupita kiasi huongeza ulaji wa mafuta, hufanya kipima mwendo kidanganye na huchosha breki na ekseli. Bampa nzito hula kilo ambazo zingebeba gunia. Na gari likinyanyuliwa juu kwa vipande vya chuma, huanguka kirahisi zaidi.

Mzigo huu hauwezi kuachwa kwa mwenye gari peke yake. Vyuo vya VETA vianzishe kozi fupi za wamiliki na madereva, za siku mbili tatu, katika miezi ya Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Saccos na benki zinazokopesha magari zidai daftari la matengenezo kama zinavyodai bima, kwa sababu gari lililokufa halirejeshi mkopo. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango wazidishe ukaguzi wa spea na oili bandia katika miji ya Kahama, Katoro na Geita, maana mkulima anayebadilisha chujio kwa wakati halafu akauziwa feki ameadhibiwa kwa kufanya lililo sahihi. Na TARURA, ambao tangu mwaka 2017 ndio wenye dhamana ya barabara za vijijini na mijini, wakumbuke kwamba kila kalavati lililobebwa na maji linalipwa na springi na matairi ya mwananchi, na hatimaye na bei ya gunia sokoni.

Lakini wakati tukisubiri hayo, hatua ya kwanza haihitaji kibali cha mtu. Mwenye pikapu anunue daftari la kurasa 40 wiki hii. Upande mmoja aandike kilomita, mzigo na mapato. Upande mwingine mafuta, oili, spea na fedha iliyowekwa kando. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litamweleza ni safari zipi zinamlisha na zipi zinamla. Akishalijua hilo, ndipo aende kwa mchomeleaji kama bado ataona haja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huku kwetu ukuta huo ni gharama ya injini nzima.